Sura ya Tano: Viatu Vilivyoelekea Mlangoni

Shinikizo, mashine kuu ya kufungia pamba, lilisimama katikati ya banda kama mnara uliosahauliwa na waadhini wake, na Inspekta Zeituni Shakir alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kabla hajatamka neno. Nje, upepo wa ziwa ulikuwa ukipapasa mahema ya sherehe ambayo hakuna aliyepata moyo wa kuyang'oa.

Ilikuwa Jumapili, jua limeanza kupinduka. Jana yake, saa nane mchana, wageni walikusanyika katika kinu hiki cha zamani cha pamba, nje kidogo ya Kisumu, ili waonyeshwe jinsi babu zao walivyofunga marobota. Badala ya robota walishuhudia msiba. Walter Khaemba, fundi aliyetumia miezi kumi na minne kulifufua shinikizo, alitolewa ndani ya sanduku la pamba la mashine hiyo akiwa amevunjika mbavu nne na paja moja. Tangu alipofikishwa hospitali hakufumbua macho. Naye Odongo, kiongozi wa watu wanne wanaoisukuma mashine, baba wa watoto watatu na mvuta mkokoteni wa mtaa wa Obunga, alikuwa rumande. Kesho saa tatu asubuhi angesomewa shtaka la kujaribu kuua.

"Afande, hii kesi imeiva," alisema Koplo Wafula, aliyekuwa akijipepea kwa daftari. "Kazi ni kupakua tu."

"Chakula cha moto mkali, Koplo, huungua chini kikabaki kibichi juu. Nihesabie tena."

Wafula akanyoosha kidole cha kwanza. "Alhamisi, Odongo alimtisha Walter mbele ya watu. Alimwambia, 'Siku moja tutakufungia ndani ya hili sanduku pamoja na pamba yako.' Pili, viatu. Kanuni yao ni kwamba anayeingia sandukuni hutundika viatu vyake kwenye mkono wa mashine, na viatu vikiwa pale, hakuna kusukuma. Jana Walter alikuwa ndani na viatu havikuwa pale. Mtu aliviondoa. Tatu, watu sita walimwona Odongo akiupiga teke ule ulimi wa chuma kule nyuma, ukaruka. Ule ndio breki, Afande. Sasa mtu anayetoa breki anataka nini?"

"Swali zuri. Tumuulize anayeijua breki yenyewe."

Mwenye kujua alikuwa ameketi juu ya robota, fimbo katikati ya magoti. Mzee Opondo alikuwa amevuka miaka themanini, na ndiye aliyekuwa nyapara wa mwisho wa shinikizo kabla kinu hakijafungwa. Walter alimfuata kijijini mara tisa kabla mzee hajakubali kuja kuwafundisha wasukumaji.

"Mzee, nifundishe kama mtu asiyejua lolote," alisema Zeituni.

"Na kweli hujui, nyara," akajibu mzee, yaani 'binti yangu' kwa lugha ya kwao, na meno yake matatu yakacheka. Kisha akainuka, na alipoinuka alikuwa nyapara tena. "Hii ni sanduku. Mbao za mvule, unene wa kiganja. Kimo chake ni watu wawili, mmoja amesimama kwa mabega ya mwingine. Pamba inaingia na kile kidirisha cha juu. Mkanyagaji anaingia nayo, anaikanyaga na miguu mpaka inalala. Sasa inua macho."

Zeituni aliinua macho. Juu ya sanduku ilining'inia parafujo ya mti, nene kama kiuno cha mtu, iliyochongwa kwa tezo enzi ambazo chuma cha kutosha kilikuwa hakijafika pwani hii ya ziwa. Mwisho wake ulibeba kishindilio, gogo pana lililokatwa kwa kipimo cha mdomo wa sanduku. Kutoka kichwani mwa parafujo ilitoka mikono miwili mirefu, ikainama pande mbili hadi usawa wa kifua, mfano wa ndege aliyechoka kukunja mbawa. Hapo ndipo wasukumaji waliposhika, wawili kila upande, wakalizunguka sanduku.

"Mikato ya hiyo parafujo ni mipana," mzee aliendelea. "Mzunguko mmoja, kishindilio kinashuka shubiri nzima. Mzunguko wa kwanza tu kidirisha kimezibwa. Aliye ndani hatoki tena."

"Na akipiga kelele?"

"Kwa nani? Pamba inameza sauti, nyara. Na jana kulikuwa na ngoma na wimbo juu yake."

Zeituni akalitazama gurudumu la chuma lenye meno, lililofungwa kwenye shingo ya parafujo, na ule ulimi uliokuwa umeinuliwa pembeni yake, fimbo ndefu ikishuka kutoka kwake hadi karibu na sakafu. "Na huu?"

Mzee aligeuka. Aliwatazama askari wawili wa zamu waliosimama mlangoni. "Leta hao. Hii haielezwi, inasukumwa."

Picha zote zilikuwa zimekwisha kupigwa na vipimo kuandikwa. Pamba ya jana, nusu sanduku, ilikuwa bado ndani. Zeituni alipanda ngazi mwenyewe, akachungulia kidirishani, akateremka. Lakini mzee aliwazuia kwa fimbo, akawakagua miguu mmoja mmoja kama mwalimu anayekagua kucha.

"Wewe mnene. Buti zako ziko wapi?"

"Ziko miguuni, Mzee," alijibu Wafula.

"Basi wewe uko nje. Shika mkono."

Mzee akaushusha ulimi, wakasukuma wanne, Inspekta akiwa mmoja wao, mtandio ameufunga kisogoni. Gogo likashuka likilalama, na kila jino la gurudumu lilipopita, ulimi ukalia *ta*. Mzunguko wa nane, wa tisa. Mikono ilianza kuwa mizito. Wa kumi na moja, Wafula akawa anapumua kama mvukuto.

"Achia!" aliamuru mzee.

Wakaachia. Mikono ikabaki pale pale.

"Sasa sogea mbali. Mbali, mnene, kama unapenda meno yako." Akaipiga fimbo ya ulimi kwa kisigino. Ulimi ukaruka, parafujo ikazunguka kinyumenyume, mikono ikapita hewani kwa mvumo, na gogo likapaa juu likisukumwa na pamba iliyokuwa imebanwa. Wafula alijikuta ameketi sakafuni.

"Pamba ni kama mtoto mkaidi," alisema mzee. "Ukimlaza, lazima umshike, ama atasimama. Ulimi ndio mkono wa kumshika."

Zeituni alijipangusa viganja. "Koplo. Ulimi ukiinuliwa, gogo huenda wapi?"

Wafula alitazama juu, akatazama chini. "Juu, Afande."

"Basi Odongo alipoupiga teke alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa..." Sauti ya koplo ilipungua. "Alikuwa anamtoa mwenzake."

"Iandike hivyo. Kwa maneno yako mwenyewe."

Wafula akaandika, lakini hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. "Sawa, kidole kimoja kimekunjwa. Lakini viatu, Afande? Viatu havitembei peke yake."

Hilo lilikuwa kweli, na mkuu wa kituo alikuwa amelisema kwa simu asubuhi ile bila kupindapinda: akitajiwa aliyeviondoa viatu, atamsikiliza Zeituni; asipotajiwa, faili litakwenda mahakamani kama lilivyo.

"Kwa nini viatu, Mzee?" aliuliza Zeituni. "Kwa nini si kengele, au mtu kuita?"

"Kinu kikinguruma, kengele utaisikia wapi? Wazee wetu walifikiri. Mkanyagaji lazima aingie miguu mitupu, kwa sababu kijiwe cha soli kikiingia kwa pamba, huko kiwandani kinatoa cheche na moto. Basi wakasema, avitundike pale mkono unaposhikwa. Ukitaka kusukuma, unashika kwanza viatu ya mwenzako. Na viatu ya mtu hushiki. Miaka ishirini na sita nilikuwa hapa. Hakuna mtu alibanwa."

"Jana ulimwona Walter akivitundika?"

"Na haya macho. Saa saba. Alisema pamba imelegea, anataka kuikanyaga tena. Akafunga kamba ya hivi na hivi, akatundika kwa mkono wa huku." Alionyesha mkono ulioelekea kaskazini. "Sisi tukaenda kula. Halafu niko na wageni, nasikia wimbo umeanza. Nikasema, ah, Walter ametoka. Viatu vikitoka, mtu ametoka. Hivyo ndivyo tulijua siku zote." Akautazama mkono ule mtupu. "Hivyo ndivyo niliwafundisha."

Zeituni alisogea mbele. Aliugeukia mkono ule, akaitazama sakafu iliyo mbele yake. Banda zima lilikuwa limefunikwa na nyuzi nyeupe za pamba, lakini hapo palikuwa na kipande kitupu, kirefu kama mtu aliyelala, upana wake wa mabega.

"Hapo ndipo walimlaza Walter," alisema Wafula.

"Damu iko wapi?"

Wafula alitafuta. Damu ilikuwa upande wa pili, kwenye mlango wa chini wa sanduku, na michirizi yake ilielekea moja kwa moja kwenye lango kubwa la uani. Kipande kile kilikuwa safi. Tena hakikulingana na ukuta wowote wa banda. Kilikwenda upogo, kana kwamba aliyekipima hakujali nyumba imejengwaje.

Gari likasimama uani. Debra, katibu wa kamati iliyokuwa ikilifufua shinikizo, alishuka akiwa bado katika nguo za kanisani. Alikuwa ameendesha kutoka Milimani, na macho yake yalionyesha kwamba hakulala.

"Inspekta, mimi sipendi kuonekana namwonea mtu," alianza kabla ya salamu. "Lakini yule Odongo nilimsikia mwenyewe. Na nyinyi mnajua watu wa Obunga, mdomo na mkono haviko mbali."

"Obunga ina watu wengi, Bi Debra. Nauliza juu ya mmoja. Aliposema maneno yale, alikuwa amekasirika?"

"Alikuwa... Walter alikuwa amemkaripia kwa kuchelewa. Akajibu vile."

"Waliokuwapo walifanya nini?"

Debra alilitazama sanduku. "Walicheka."

"Na Walter?"

"Walter pia alicheka," alisema polepole, kama mtu anayekiona kitu kilekile kwa mara ya pili. "Alimrushia pamba usoni."

"Jana, kuanzia saa saba, wasukumaji walikuwa wapi?"

"Kwa hema la chakula. Mimi ndiye niliwapakulia. Wote wanne, na Mzee Opondo. Odongo alikula samaki wawili, akaomba wa tatu nikamkatalia. Walitoka pale wakati nilienda kuwaita, karibu saa nane." Akainamisha kichwa. "Ni mimi niliwaambia waanze. Mgeni wa heshima alifika mapema. Odongo alisema, 'Ngoja niangalie viatu.' Akaangalia mikono yote miwili. Akasema, 'Ametoka. Haya, tuimbe.'"

Wafula aliacha kuandika. Zeituni alimwashiria aendelee.

"Ulipiga picha yoyote ndani humu kabla yao?"

Debra akatoa simu. Alikuwa amepiga moja, saa saba na dakika arobaini, kupitia mlango mdogo wa nyuma, kwa sababu ziwa lilionekana vizuri kutoka hapo. Ziwa lilijaa kwenye picha, la buluu, limejaa gugumaji ukingoni. Zeituni hakulitazama ziwa. Aliikuza pembe ya chini, kulia, kizingitini.

Viatu vya Walter vilikuwa hapo. Fundo la kamba lilikuwa limefunguliwa, na kamba zenyewe zimekunjwa zikatiwa ndani, zisimkwaze mtu. Cha kulia kiligusa cha kushoto. Visigino vilielekea ndani ya banda, na ncha zilielekea nje.

"Saa saba na arobaini Odongo alikuwa bado hemani na samaki wake," alisema Zeituni. "Tena vitazame, Koplo. Mwenye chuki huvitupa. Mwizi huondoka navyo. Huyu alivipanga."

"Kwa nini vimeangalia nje?"

"Ili mwenyewe akitoka, atie miguu tu, asihangaike kuvigeuza." Alitoa simu yake, akafungua dira, akaiweka juu ya kile kipande kitupu cha sakafu. Sindano ikatulia. Kipande kilielekea kaskazini, kikainamia mashariki kidogo, na mbele yake, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, palikuwa na ncha ya mkono wa shinikizo. "Jana adhuhuri iliingia saa ngapi?"

"Mimi ni Mkatoliki, Afande."

"Karibu saa saba. Na uani kulikuwa na vipaza sauti, na humu ndani mlikuwa kimya." Akaifunga simu. "Nani anatunza banda hili?"

"Kuna Mzee Seif, wa Kaloleni. Anafagia, anafunga milango. Hatukumhoji. Hajui chochote kuhusu mashine," alijibu Wafula.

"Ndiyo," alisema Zeituni. "Hajui."

*

Walipita kituoni kwanza. Odongo aliletwa miguu mitupu, kama desturi ya mahabusu ilivyo; viatu vya wote waliofungiwa vilirundikwa chini ya kaunta, na mikanda juu yake. Alikuwa mpana wa mabega, na alikaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayeogopa kulivunja.

"Madam, Walter ameamka?"

"Bado. Nionyeshe viganja vyako."

Akavinyoosha. Ngozi ya ndani ya vidole vyote vinane ilikuwa imechunwa. Sehemu ya chini ya kiganja, ile inayobeba uzito wa kusukuma, ilikuwa nzima.

"Huku kunachubuka mtu anapovuta," alisema Zeituni.

"Nilivuta. Unajua hiyo mashine inaongea na mkono, Madam. Pamba ile ilikuwa nusu. Nusu inakuwa nzito mzunguko wa tisa. Sasa ikawa nzito kwa wa tano. Nikajua. Sijui nilijua nini, lakini nikajua. Nikapiga ule ulimi teke, wenzangu wakaachia, mimi nikavuta mkono kurudi nyuma, ndio gogo irudi haraka." Akaikunja mikono. "Nilimwambia tutamfungia ndani. Ilikuwa mzaha. Huo mzaha ndio umenileta hapa."

"Umekula?"

"Mzee Seif alileta chai na mandazi asubuhi. Kutoka Kaloleni na miguu, na umri ile. Akasema anaomba dua nitoke." Odongo alitabasamu kidogo. "Yeye pekee ndiye hakuniuliza kama ni mimi."

Zeituni alisimama. Wafula akafunga daftari.

*

Nyumba ya Mzee Seif ilikuwa ya safu za zamani za baraza la mji, ukuta umepakwa chokaa, kizingiti kimefagiliwa. Zeituni alikulia safu ya tatu kutoka pale. Alivua viatu, akaviacha kimoja huku na kingine kule.

"Vua buti," alimnong'oneza Wafula. "Zitupe tu."

"Nizitupe, Afande?"

"Kama ufanyavyo kwako."

Wafula akatii kwa urahisi wa mtu aliyezoea.

Mzee aliwapokea kwa furaha isiyo na doa. Aliuliza habari za mama yake Zeituni, akamuuliza Wafula habari za kwao, Bungoma, na mvua, na mahindi. Kisha akajitoa mwenyewe kwenda kuleta chai jikoni, nyuma ya nyumba, akakataa katakata kusaidiwa. Walimsikia akitoka kwa mlango wa mbele, akikohoa, akikawia kizingitini, kisha akirudi na birika.

Wakanywa. Zeituni hakuuliza chochote mpaka kikombe kikaisha. Ndipo akaomba mzee awasindikize mlangoni.

Viatu vyake na buti za Wafula vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta. Kamba za buti zilikuwa zimekunjwa zikatiwa ndani. Cha kulia kiligusa cha kushoto. Ncha zote zilielekea nje.

Wafula alivitazama, akavua kofia.

"Nani amevigeuza, Mzee wangu?" aliuliza Zeituni.

"Mimi, mwanangu. Mgeni ni wa kurahisishiwa." Mzee alicheka. "Umesahau? Nyinyi mlipokuwa wadogo, kwenye chuo cha Kurani, jozi arobaini nilizigeuza kila siku, na hakuna hata mmoja wenu aliyenishukuru."

"Sikusahau. Jana pia uligeuza vingine?"

"Jana?" Akafikiri. "Naam, vya yule fundi, maskini. Nilitandika mkeka bandani, maana uani kulikuwa na makelele. Nikakuta viatu vimening'inizwa kwenye mti ule wa mashine, vimenikabili usoni, upande wa kibla. Nikasema huyu mtu ana haraka, hakupata pa kuviweka. Nikavishusha, nikamfungulia kamba, nikamwekea mlangoni. Kisha nikaenda langoni kupokea wageni." Alisita. Macho yake yalikwenda kwa Wafula, yakarudi kwa Zeituni. "Mbona mmenyamaza?"

Zeituni alimshika kiwiko. Alimweleza yote, pole pole, kwa maneno machache: sanduku, parafujo, kanuni ya viatu. Hakuficha na hakuongeza.

"Kumbe mwenyewe alikuwa wapi?" aliuliza mzee, ingawa alikuwa amekwisha kuambiwa.

"Alikuwa ndani."

Mzee Seif aliketi juu ya kizingiti. Midomo yake ilitamka la haula mara moja, mara mbili, bila sauti.

"Hakuna aliyeniambia," alisema mwishowe.

"Hakuna. Kanuni ilifundishwa wasukumaji peke yao."

"Nami sikuuliza. Nilikiona kitu cha mwenzangu mahali ambapo mimi nisingekiweka, nikajiona najua zaidi." Alivitazama viganja vyake kama vitu vya kuazima. "Na leo asubuhi nilimpelekea Odongo chai. Nikamwombea dua atolewe. Mwenye ufunguo ni mimi."

"Mzee," Wafula alisema, na sauti yake ilikuwa tofauti na ile aliyokuja nayo, "hii si hatia. Sheria inatazama nia."

"Na Mola hutazama nia, Koplo. Mbavu za mtu hazitazami." Akajizoazoa, akasimama. "Nipatieni fimbo yangu. Twende kituoni kabla ya magharibi. Nikitoka huko mtanipeleka hospitali, kwa mkewe Walter, nimwambie kwa mdomo wangu. Asije akasikia kwa mwingine."

*

Maelezo ya Mzee Seif yalichukua kurasa mbili. Mkuu wa kituo aliyasoma mara mbili, akaitazama picha ya Debra, akayasoma maneno ya Wafula kuhusu ulimi wa chuma, kisha akatia sahihi mahali palipohitaji sahihi. Jua lilikuwa limeinama juu ya ziwa na mwanga wake uliingia hadi kwenye kaunta.

"Mtoeni," alisema.

Askari wa zamu akachukua funguo. Odongo alikuwa amekwisha kuelezwa kupitia nondo. Alisimama nyuma ya mlango wa selo, vidole vyake vilivyochunwa vikiwa vimeshika chuma, akimtazama mzee.

Mzee Seif alimwinamishia kichwa. Alikwenda hadi kwenye rundo la viatu chini ya kaunta, akaweka fimbo chini, akapiga magoti kwa taabu. Mkono wake ulitangulia kwa mazoea ya miaka sitini, ukakaribia jozi moja ya raba zilizochakaa zilizolala kifudifudi. Hapo ukasimama hewani.

"Hivi ni vya nani?" aliuliza kwa sauti, mbele ya watu wote. "Na mwenyewe yuko wapi?"

Zeituni alimwona Odongo akifunga macho, kisha akiyafumbua.

"Ni vyangu, Mzee," alijibu. "Mwenyewe yuko ndani."

Mzee hakuvigusa. Alibaki amepiga magoti, mkono umeinuliwa, mpaka kufuli lilipolia na mlango ukafunguliwa, na Odongo akatoka kwa miguu yake mitupu, akaja akasimama mbele yake. Ndipo akavishika, akavikung'uta vumbi, akavipanga sakafuni, cha kulia kikigusa cha kushoto, ncha zikielekea mlangoni.